Ukuta wa Mpangaji: Michoro ya Jamii na Madai ya Haki Kibera na Kawangware

Mchoro wa ukutani wa jamii, kwa maana itakayotumika katika mhadhara huu, ni mchoro mkubwa uliopakwa kwenye ukuta unaoonekana na wapita njia, ambao watu wanaoishi kando yake wamekuwa na sauti katika kuuchagua, mkono katika kuuchora au jukumu la kuulinda. Maana hiyo inautenga na mambo mawili yanayofanana nao kwa sura: grafiti, yaani maandishi ya mtindo ambayo mwandishi huyaweka ukutani ili jina lake au la kundi lake lijulikane, na tangazo la biashara, ambalo hulipiwa na kampuni na huondoka mkataba unapokwisha. Mipaka hii huvukwa kila mara, kwa kuwa kijana yuleyule wa Nairobi anaweza kuandika jina lake kwa rangi ya kupuliza usiku wa Ijumaa, kupaka kibanda rangi za kampuni ya simu Jumatatu, na kuchora uso wa shujaa wa mtaa katikati ya wiki. Kazi hizo hutofautiana kwa uhusiano uliopo kati ya mchoro na wenye mtaa. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba, katika Kibera na Kawangware, haki inayodaiwa na mchoro wa ukutani hukaa zaidi katika uhusiano huo kuliko katika ujumbe ulioandikwa, na kwamba mchoro wenye maneno mazuri unaweza kuwanyima wakazi haki ileile unayodai kuitetea.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kuanza na ardhi. Kibera, iliyoko kusini-magharibi mwa kitovu cha Nairobi, ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, walioruhusiwa kukaa katika eneo la msitu bila kupewa hati ya kulimiliki, na tangu wakati huo swali la nani mwenye Kibera halijapata jibu lililowaridhisha wote. Baada ya uhuru serikali iliendelea kuihesabu ardhi hiyo kuwa yake. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipokea hati ya ekari 288, lakini wakazi walio wengi katika vijiji vya Laini Saba, Lindi, Gatwekera, Kianda, Mashimoni, Silanga na vinginevyo ni wapangaji wanaomlipa kodi mtu aliyejenga chumba cha udongo au mabati juu ya ardhi isiyo yake kisheria. Kawangware, iliyoko upande wa magharibi katika eneo la Dagoretti, ina historia nyingine: ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu katika enzi ya ukoloni, ikaingizwa ndani ya mipaka ya jiji mipaka hiyo ilipopanuliwa wakati wa uhuru, kwa hiyo ploti nyingi huko zina wenyewe wanaojulikana, ambao familia zao zilijenga safu za vyumba vya mabati na baadaye nyumba za ghorofa za kupangisha, na walio ndani ya vyumba hivyo ni watu waliotoka pande zote za Kenya, wakiwemo Waluhya wengi kutoka magharibi mwa nchi.

Tofauti hiyo ya hati ina uzito mkubwa kwa yeyote anayeshika brashi. Kibera anayetoa ruhusa ya kupaka ukuta ni mtu ambaye umiliki wake mwenyewe unatiliwa shaka na dola, na Kawangware anayetoa ruhusa ni mtu mwenye haki ya kisheria ambaye huenda haishi pale na hajawahi kuuona ukuta wake kwa jicho la mtu anayeupita kila asubuhi akielekea kituo cha matatu. Katika mitaa yote miwili, anayeishi na ukuta hana mamlaka juu yake. Mpangaji hulipia kodi nafasi iliyo ndani ya kuta nne, lakini upande wa nje wa kuta hizo, ule unaotazama njia, hubaki mikononi mwa wengine, na ni upande huo hasa unaowaambia wapita njia mtaa ule ni wa nani na unastahili nini.

Kuta hizo hazijawahi kuwa tupu zikimngoja msanii. Wa kwanza kuziandika ni serikali yenyewe, ambayo watumishi wake hupita na mkebe wa rangi wakitia alama ya X kwenye nyumba zilizopangiwa kubomolewa kwa ajili ya barabara, reli au nguzo za umeme, na alama hiyo, ingawa huchorwa kwa mikwaruzo miwili tu, husomwa na kila mtu, hata mtoto asiyeanza shule, kwa kuwa nyuma yake kuna tingatinga. Wa pili ni makampuni, ambayo hupaka vibanda na maduka rangi zao kuanzia chini hadi paa, na wenye maduka huzikubali kwa sababu ya maana kabisa: rangi ni ghali, bati lisilopakwa hushika kutu, na duka lenye kijani cha M-Pesa humwonyesha mgeni kwa mbali kwamba huduma ya fedha inapatikana. Wa tatu ni wanasiasa, ambao karatasi zao za kampeni hubandikwa juu ya chochote kilichopo na kuachwa zichanike zenyewe. Wa nne, ambaye hutajwa mara chache katika vitabu vya sanaa, ni fundi wa mabango, yaani mchoraji wa riziki anayeandika jina la kinyozi, kuchora kichwa chenye mtindo wa nywele, ng'ombe juu ya bucha na sahani ya chapati kwenye ukuta wa hoteli.

Huyu wa nne anastahili kukaliwa zaidi, maana sanaa ya ukutani ya Kibera imetoka katika kazi yake. Kundi la wasanii liitwalo Maasai Mbili lilianzishwa Kibera mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, wachoraji wa mabango waliokuwa wakizunguka mtaani kutafuta kazi wakiwa wamevaa kama Wamaasai ili watambulike, na jina hilo likawaganda hata baada ya kupata studio na wenzao wengine kujiunga nao. Fundi wa mabango hujifunza mambo ambayo chuo cha sanaa hakifundishi. Hujua kwamba ukuta wa udongo na fito hunywa rangi na kupasuka mvua za masika zinapoanza, kwamba bati linahitaji rangi ya mafuta na litapaushwa na jua, kwamba herufi zinapaswa kusomeka na mtu anayetembea haraka katika njia nyembamba ambapo hakuna nafasi ya kurudi nyuma na kutazama. Zaidi ya yote hujua kuzungumza na mwenye duka, kusikiliza anachotaka, kubishana bei na kukubali kurudia kazi iliyomchukiza mteja. Michoro ya Kibera ilirithi tabia hiyo ya mapatano, na ndiyo sababu iliyo bora kati yake haina dalili ya kuhubiri.

Mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa mwaka 2007. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba, matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, na ghasia zilizofuata hadi mkataba wa maridhiano wa tarehe 28 Februari 2008 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya tume ya Jaji Philip Waki na kuwahamisha mamia ya maelfu. Kibera iliwaka: soko la Toi liliteketea, vijana waliing'oa reli inayopita katikati ya mtaa kuelekea Kisumu na Uganda, na majirani waliokuwa wakichota maji kwenye mfereji mmoja wakagawanyika kwa makabila. Katika siku hizo msanii Solomon Muyundo, anayejulikana kwa jina la Solo7 na aliyekuwa mmoja wa Maasai Mbili, alianza kuandika kwenye kuta, milango ya maduka na hata barabarani maneno mafupi ya Kiingereza yaliyoazima mtindo wa matangazo ya polisi ya kumsaka mhalifu, isipokuwa kilichokuwa kikisakwa ni amani, nayo ilitakiwa ikiwa hai. Maneno hayo yaliandikwa kwa haraka, kwa herufi zisizo na pambo, katika sehemu nyingi za mtaa, na wenzake wa Maasai Mbili wakafuatia kwa kazi za sanaa walizozifanya pamoja na watoto na watu wazima wa mtaa.

Mchambuzi anayeyatazama maandishi hayo leo katika picha anaweza kuyaona kuwa mepesi, lakini uzito wake umo katika mahali na wakati. Aliyeyaandika aliishi mlemle, akawaandikia watu waliomjua kwa sura, kwenye kuta ambazo kesho yake zingeweza kuchomwa pamoja na rangi yake, na hakuna ofisi iliyomtuma. Kuandika ukutani wakati jirani anaulizwa kabila lake ni kuchukua msimamo hadharani, na msimamo huo haukuwa na pa kujificha, maana ukuta hauhami na mwandishi wake anajulikana anakolala.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2009, Kibera ilipata mchoro wa aina nyingine kabisa, kama kuuita mchoro kunaruhusiwa. Msanii wa Ufaransa anayejiita JR, katika mradi wake kuhusu mashujaa wa kike, alifunika takriban mita za mraba 2,000 za mapaa kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa Kibera, na baadhi ya picha za macho akazibandika kwenye mabehewa ya treni, huku nusu ya chini ya nyuso hizo ikiwa imewekwa kwenye mabati yaliyopangwa kando ya reli, hivyo kwamba treni ilipopita nyuso zilikamilika kwa sekunde chache. Picha za mapaani zilichapishwa kwenye turubai lisilopitisha maji, na kwa hiyo zilisaidia kuzuia mvua isivuje ndani. Jambo hilo la turubai ndilo linalouokoa mradi mbele ya hukumu kali, kwa sababu picha za mapaani huonekana vizuri kutoka angani na kutoka kwenye mwinuko wa mbali, mahali ambapo mkazi wa kawaida hasimami, na kama zisingekuwa na faida nyingine zingekuwa zimewatumia wanawake hao kuzungumza na ulimwengu wa nje kupitia juu ya vichwa vya majirani zao. Mwenye chumba aliyelala bila kuweka karai chini ya tundu la paa alipata kitu ambacho mtazamaji wa Paris hakukiona katika picha.

Hapa linaingia suala la macho ya nje kwa ujumla. Kwa miaka mingi Kibera ilitajwa kuwa na watu milioni moja au zaidi, na sifa ya kuwa mtaa mkubwa kuliko yote ya mabanda barani Afrika ikawa nembo ya kuchangishia fedha, hadi sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu takriban watu 170,000. Mwaka huohuo wa 2009 mradi wa Map Kibera uliwafundisha vijana wa mtaa kuchora ramani ya kidijitali ya njia, vyoo, zahanati na shule zao, kwa kuwa katika ramani za umma eneo hilo lilikuwa kama pengo lisilo na kitu. Ramani hiyo na michoro ya kuta ni ndugu, maana zote mbili hujibu tatizo lilelile la watu wanaotazamwa sana na wasioonekana, na zote mbili huanza na mkazi kuamua kipi kiwekwe na kipi kiachwe. Kawangware, ambayo haikupata umaarufu huo, imeepuka wageni wenye kamera, lakini pia imekosa fedha, wafadhili na waandishi wa habari walioandamana nao, na hiyo ni sababu moja ya kazi zake za ukutani kukosa kumbukumbu.

Kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, hofu ya kurudia mambo ya 2008 ilileta wimbi la michoro ya amani. Mradi ulioitwa Kibera Walls for Peace, uliosimamiwa na msanii Mmarekani Joel Bergner pamoja na vijana wa shirika la Kibera Hamlets, uliwakusanya vijana wa makabila tofauti kujadili, kubuni na kupaka kuta za mtaa, na mwanzoni mwa 2013, kwa idhini ya kampuni ya Rift Valley Railways, ukapaka treni nzima ya abiria yenye mabehewa 10 kwa ushirikiano na wachoraji wa grafiti wa Nairobi kama Bankslave, Swift9 na Uhuru B. Chaguo la treni lilikuwa la busara, kwa sababu reli ndiyo iliyong'olewa miaka mitano nyuma, na treni iliyopakwa ilibeba kazi ya vijana wa mtaa mpaka katikati ya jiji na kurudi, mbele ya abiria ambao wasingeingia Kibera kwa miguu.

Pamoja na sifa hizo, wimbi la amani la 2013 linastahili swali gumu. Amani ilihubiriwa wapi, na kwa nani? Kuta zilizopakwa njiwa na mikono iliyoshikana zilikuwa kuta za maskini, kana kwamba ghasia zilizaliwa katika mabanda na dawa yake ni kuwatuliza wakazi wake, ilhali walioandaa, kugharimia na kunufaika na ghasia wanaishi mahali ambapo kuta ni ndefu, zina seng'enge juu, na hakuna anayeruhusiwa kuzichora. Ujumbe wa amani usiotaja dhuluma humwelekezea mnyonge wajibu wa kuvumilia. Humwambia asipige mawe, na ushauri huo ni sahihi. Lakini haumwambii nani wa kuulizwa kuhusu maji yanayouzwa kwa mtungi kwa bei kubwa kuliko ya bomba la mtaa wa kitajiri, wala kuhusu ndugu aliyepigwa risasi na polisi ambaye faili lake halijafunguliwa.

Mfano wa njia nyingine ulikuwepo katikati ya jiji hilohilo. Mwaka 2012 wachoraji hao wa grafiti, wakiwemo Swift9, Uhuru B, Bankslave na Smokillah, wakishirikiana na mpigapicha na mwanaharakati Boniface Mwangi, walichora usiku kwenye kuta za Nairobi picha za mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga akiwa amemkalia mwananchi, na pembeni yake wakaandika dhuluma na kashfa za tangu uhuru. Picha hizo, zilizojulikana kama Mavulture, zilitaja upande wenye wajibu. Udhaifu wake ulikuwa kinyume cha ule wa kuta za amani: ziliamuliwa na kundi dogo na kupakwa gizani, wapita njia wakazikuta asubuhi zimekamilika, na kwa hiyo hazikuwa na mtaa wa kuzilinda. Kati ya mchoro unaotaja ukweli bila wenyeji na mchoro wenye wenyeji usiotaja ukweli, sanaa ya kuta ya Nairobi imekuwa ikitafuta njia ya tatu.

Njia hiyo ni ngumu zaidi Kawangware, na mwaka 2017 ulionyesha kwa nini. Baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha uchaguzi wa urais wa Agosti, marudio yalifanyika tarehe 26 Oktoba, na siku zilizofuata mapigano yalizuka karibu na kituo cha Kawangware 56, watu wakauawa na maduka yakachomwa, kwa mpasuko uliokwenda sambamba na ule wa mwenye ploti na mpangaji. Ukuta katika mazingira hayo haujawahi kuwa eneo la katikati. Mchoro unaodai kodi nafuu au maji kwa wapangaji unawekwa juu ya mali ya mtu anayedaiwa, kwa ridhaa yake, na mchoro unaohubiri umoja kwenye ukuta wa mwenye ploti unaweza kusomwa na mpangaji kama tangazo la upande mmoja. Ndiyo maana kuta zinazofaa zaidi Kawangware ni zile zenye wenyewe wengi au zisizo za mtu mmoja: ukuta wa shule, wa zahanati, wa kanisa au msikiti, wa choo cha jumuiya, ua wa soko. Katika kuta hizo mjadala wa nini kichorwe huwalazimu watu waliokuwa maadui kukaa kikao kimoja wakiwa na ajenda ndogo inayoweza kukamilika, tofauti na mikutano ya maridhiano ambayo ajenda yake huwa taifa zima.

Kikao hicho ndicho moyo wa jambo zima, na kinahitaji kuelezwa kwa undani. Kabla ya kundi la vijana kupaka ukuta katika mitaa hii, huwa kuna ruhusa za kutafutwa kwa tabaka. Mwenye nyumba anapaswa kukubali. Mpangaji wa chumba chenye ukuta huo anapaswa kuombwa, ingawa sheria haimtambui. Mzee wa kijiji, yaani mkazi anayeaminiwa na chifu kusuluhisha mambo madogo, anapaswa kupewa taarifa. Na vijana wa baze, yaani kijiwe cha karibu wanapokutana kila siku, wanapaswa kushirikishwa, kwa sababu mchoro usio na baraka zao hauwezi kupita wiki mbili bila kuandikwa juu. Mama anayeuza mboga chini ya ukuta huo naye ana neno, maana akifukuzwa siku tatu ili ngazi isimamishwe amepoteza mapato ya siku tatu. Msanii asiyeyajua haya huona vizuizi. Anayeyajua huona kwamba mlolongo huo, kwa siku chache, umempa kila mtu asiye na hati kura juu ya kitu kinachoonekana, na kwamba mpangaji aliyeulizwa rangi ya ukuta wake ameulizwa jambo ambalo mwenye nyumba, diwani na serikali hawajawahi kumuuliza.

Hata kinachochaguliwa hubadilika mlolongo huo unapofuatwa kwa uaminifu. Mgeni anapochagua, huja na sura za viongozi maarufu wa dunia, ramani ya Afrika na njiwa; wakazi wanapochagua, ubishi huwa juu ya sura ya mkunga wa mtaa, mwalimu aliyefariki, timu ya mpira, au namba ya simu ya kuripoti mtoto anayenyanyaswa. Ubishi mkali kuliko yote hutokea linapoletwa jina la kijana aliyeuawa na polisi, kwani familia yake huweza kutaka akumbukwe wakati jirani aliyeibiwa hataki kuiona sura yake tena. Mathare, upande wa pili wa jiji, wanaharakati wa Mathare Green Movement wamepata jibu lao kwa kupanda miti yenye majina ya waliouawa, na mti una faida ya kutoa kivuli kwa wote. Ukuta hauna faida hiyo. Unadai watu waafikiane juu ya wafu wao, na pasipo maafikiano ni heri ubaki na rangi ya maji.

Swali la wafu wa kukumbukwa si geni katika sanaa ya Kenya. Mwaka 1959 msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alikamilisha michoro mikubwa ya maisha ya Kristo katika kanisa la kumbukumbu la Kianglikana la Murang'a, mji ulioitwa wakati huo Fort Hall, akiwachora Yesu na wanafunzi wake kama Waafrika katika mandhari ya milima na mashamba ya Wakikuyu. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika miaka ya Hali ya Hatari, yaani waliokataa kiapo cha Mau Mau, na waliouawa upande wa pili hawakuwa na ukuta. Njau aliupa mtazamo wa Kiafrika ukuta ambao madhumuni yake yalikuwa yameamuliwa na wengine, na hali hiyo wachoraji wa Kibera wanaolipwa na mashirika wanaijua vizuri.

Katika ulimwengu mpana, historia ya michoro ya kuta hutajwa zaidi kupitia Meksiko, ambako serikali ya mapinduzi katika miaka ya 1920, chini ya waziri wa elimu José Vasconcelos, iliwapa Diego Rivera na wenzake kuta za majengo ya umma. Mfano huo hauisaidii sana Nairobi, ambako dola haijatoa ukuta. Mfano ulio karibu zaidi ni wa Chicago, ambako mwaka 1967 wasanii Weusi wa kundi la OBAC walichora Ukuta wa Heshima kwenye jengo chakavu katika mtaa wa maskini, wakijadiliana na wakazi kuhusu mashujaa wa kuwekwa, huku vijana wa mtaa wakiulinda. Jengo halikuwa lao. Baadhi ya sehemu zilifutwa na kuchorwa upya kwa sababu ya mizozo ya ndani, na jengo likabomolewa mwaka 1972 baada ya kuungua, lakini mtindo wa kuchora kwa mashauriano ulikuwa umeshaenea katika miji mingi ya Marekani.

Kibera imeujua ubomoaji huo. Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia alfajiri kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wanaokadiriwa kufika 30,000 wakapoteza makazi, pamoja na shule kadhaa zilizobomolewa na kuta zake zote. Katiba ya mwaka 2010, ambayo Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, maji na usafi, haikusimamisha tingatinga hizo. Kinachobaki kwa wakazi baada ya tukio la namna hiyo ni ushahidi: picha ya ukuta wa shule yenye tarehe, mchoro wenye majina ya darasa lililoupaka, kumbukumbu ya kikao kilichotoa ruhusa. Katika nchi ambako mpangaji wa mabanda hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliishi mahali fulani, kumbukumbu hizo zinaweza kuwa karatasi yake, na makundi ya wasanii yangefanya vema kuziweka kwa nidhamu ileile wanayoweka risiti za rangi.

Suala la risiti linahusu pia ujira. Vijana wengi wanaopaka kuta za jamii hulipwa chakula cha mchana na fulana, ilhali mratibu wa mradi analipwa mshahara na nembo ya mfadhili inachukua kona bora ya ukuta. Kazi inayoitwa ya kujitolea katika mtaa ambako siku isiyo na kibarua ni siku isiyo na chakula huwachagua washiriki wenye uwezo wa kukosa mapato, na hivyo wanaobaki nje ni walewale ambao mchoro unadai kuwazungumzia. Uchaguzi mkuu ujao utafanyika Agosti 2027, na fedha za kupaka amani kwenye kuta za Kibera na Kawangware zitakuja tena, pengine kwa wingi kuliko mwanzo. Makundi yatakayoombwa kuzifanyia kazi yana nafasi ya kuweka masharti kabla ya kufungua mkebe wa kwanza: kwamba kikao cha wakazi kifanyike kabla ya mchoro kubuniwa na kiwe na uwezo wa kuukataa, kwamba mpangaji wa ukuta aulizwe pamoja na mwenye nyumba, kwamba kila brashi ilipwe ujira wa siku wa fundi rangi, kwamba panapoandikwa neno amani patajwe pia taasisi inayodaiwa maji, choo au faili la mauaji, na kwamba sehemu ya rangi itengwe kwa ajili ya kurudia ukuta huo masika mawili baada ya kura kuhesabiwa, wakati mfadhili atakuwa ameshaondoka.